Maabara ya Vifaa vya Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watumiaji

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo sisi mafundi sanifu huulizwa karibu kila wiki, mlangoni, kwenye simu na hata kwenye foleni ya chakula cha mchana. Unawahusu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wahadhiri, na watafiti wa kutoka nje ya chuo wanaotumia darubini ya elektroni, mtambo wa kromatografia ya kimiminika (unaotenganisha kemikali zilizochanganyika), spektrometa ya infraredi (inayotambua kemikali kwa jinsi zinavyofyonza mwanga), sentrifuji ya kasi kubwa na friji za nyuzi −80. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine pale yanapogusana.

## Kuanza

1. Kwa nini vifaa vimewekwa mahali pamoja badala ya kila idara kuwa na vyake?

Sababu ya kwanza ni gharama, na hiyo kila mtu anaijua. Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni kwamba mashine kubwa huharibika kwa kukaa bure kama inavyoharibika kwa kutumiwa vibaya. Pampu isiyozunguka hukauka mipira yake, chumvi iliyobaki ndani ya mirija huganda, na unyevu wa pwani huingia taratibu mahali ambapo joto la mashine iliyowashwa lingeuzuia. Mashine inayotumiwa na idara tano kila wiki, chini ya macho ya mtu anayeijua sauti yake, huishi miaka mingi kuliko ile iliyofungiwa chumbani kwa mheshimiwa na kufunikwa kitambaa.

2. Nani anaruhusiwa kutumia vifaa?

Mtafiti yeyote mwenye mradi unaotambulika, awe wa chuo hiki au wa taasisi nyingine, ilimradi awe amesajiliwa, amepata mafunzo ya kifaa husika (swali la 3) na ana msimamizi au kiongozi wa mradi aliyesaini fomu ya kuwajibika kwa malipo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hutumia vifaa wakiwa na msimamizi wao chumbani, si kwa barua ya msimamizi.

3. Nimeshatumia mashine kama hii chuo kingine. Je, bado ninahitaji mafunzo?

Ndiyo, ingawa yatakuwa mafupi. Hatuna shaka na ujuzi wako. Ila mashine mbili za aina moja zinaweza kutofautiana katika programu, vigunduzi, vishikio na hata katika madoa ya uzee wao. Utaombwa kupima sampuli ya mfano tangu kuwasha hadi kufunga huku fundi akiangalia bila kukusaidia. Ukimaliza salama, jina lako linaingizwa kwenye orodha ya wanaoweza kufanya kazi peke yao saa za kazi. Ruhusa ya usiku na mwisho wa wiki hutolewa baadaye, kwa mtu ambaye tumeona jinsi anavyoshughulikia jambo linapokwenda kombo.

Ruhusa hiyo ni ya mtu mmoja na kifaa kimoja. Kumfundisha mwenzako kwa siri, hata kwa nia njema, ndiyo njia ambayo makosa madogo hurithishwa kutoka kizazi kimoja cha wanafunzi hadi kingine, mpaka yanaonekana kuwa ndiyo utaratibu.

4. Ninawekaje nafasi, na itakuwaje nikishindwa kufika?

Nafasi huwekwa kwenye kalenda ya mtandaoni kwa jina lako mwenyewe. Weka muda unaojumuisha maandalizi na usafi, kwa sababu saa mbili za darubini zina takriban saa moja na nusu tu ya kuangalia sampuli. Ukijua hutafika, futa nafasi mapema kadiri uwezavyo. Ukifuta siku moja kabla hudaiwi kitu, lakini usipofuta kabisa utatozwa muda wote ulioushikilia, hata kama mashine ilikaa bila kazi. Jambo linalotuumiza hapa ni yule mwanafunzi aliyesafiri na sampuli zake kwenye barafu, akaambiwa kalenda imejaa, kisha akapita dirishani na kukuta chumba kitupu.

## Malipo

5. Mashine ilitolewa msaada. Kwa nini nilipie?

Msaada hununua mashine, lakini mara chache sana hununua maisha ya mashine. Makisio yanayotumika sana ulimwenguni ni kwamba matengenezo ya kifaa kikubwa cha maabara hugharimu karibu asilimia 10 ya bei yake kila mwaka. Juu ya hapo kuna gesi, viyeyushi, filamenti, mafuta ya pampu, betri za UPS (kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda mfupi unapokatika) na nauli ya mhandisi ambaye mara nyingi hutoka nje ya nchi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo ulikuta takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Vifaa vya utafiti ni ndugu wa vile vya hospitali, na atakayetembelea vyuo vyetu hatakosa kuviona vikiwa kwenye korido, vibandiko vya mfadhili bado viking'aa.

Ada unayolipa haileti faida. Inalipia vile vinavyoisha na kuweka akiba ya matengenezo. Ankara hutoka mwisho wa mwezi ikiwa na namba ya malipo, na fedha taslimu hazipokelewi na mtu yeyote chumbani.

6. Mimi ni mwanafunzi na sina bajeti. Nifanye nini?

Njoo tuzungumze kabla hujaanza kuandika pendekezo la utafiti, kwa sababu ndipo tunapoweza kusaidia zaidi. Mara nyingi mwanafunzi anapanga sampuli 60 kwenye darubini wakati swali lake lingejibiwa na 8 zilizochaguliwa vizuri. Tutakupa pia makisio ya maandishi ili msimamizi wako ayaingize kwenye maombi ya fedha. Muda wa punguzo kwa wanafunzi upo, lakini ni mchache na huombwa kwa fomu.

## Sampuli na mashine

7. Sampuli yangu iandaliweje kwa ajili ya darubini ya elektroni?

Iwe kavu kabisa, isiyopukutika, na isiyotoa mvuke. Ndani ya chemba kuna ombwe, kwa sababu elektroni haziwezi kusafiri zikigongana na molekuli za hewa, na chochote chenye maji au mafuta kitachemka mle ndani na kuchafua vigunduzi. Majani, tishu na wadudu huimarishwa kwa kemikali kama glutaraldehidi ili zisioze wala kubadili umbo, kisha hupitishwa kwenye ethanoli ya asilimia 30, 50, 70, 90 na 100 ili maji yatoke hatua kwa hatua, halafu hukaushwa bila kusinyaa. Sampuli isiyopitisha umeme hupakwa tabaka la dhahabu lenye unene wa nanomita chache, la sivyo elektroni hujikusanya juu yake na picha huwaka weupe.

Ukiwa na unga, ubandike kwa kiasi kidogo kwenye utepe wa kaboni, kisha geuza kishikio kichwa chini, ukigongegonge taratibu na kukipuliza kwa hewa ya chupa. Punje itakayobaki hapo haitaanguka ndani. Unga wenye sumaku, kama magnetiti au mchanga mweusi wa ufukweni, usiuweke bila kutuambia, kwa kuwa lenzi ya darubini ni sumaku yenye nguvu na itazivuta punje hizo hadi ndani ya safu ya elektroni, mahali ambapo kuzitoa ni kazi ya mhandisi.

Vaa glavu mpya unaposhika kishikio. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuchelewesha ombwe na kuacha kivuli cheusi kwenye kila picha ya atakayekufuata.

8. Kwa nini mnasisitiza sana usafishaji wa mtambo wa kromatografia?

Kwa sababu mtambo huu ndio unaoteseka zaidi mikononi mwa watu wenye haraka. Chumvi za fosfati zinazotumika kwenye bafa (myeyusho unaotuliza pH) huyeyuka vizuri katika maji lakini huganda zikikutana na asetonitrili nyingi. Mtu akimaliza vipimo vyake na kubadili moja kwa moja kutoka bafa kwenda kwenye kiyeyushi kitupu, fuwele hujitengeneza ndani ya pampu na kolamu (mrija ambamo kemikali hutengana), shinikizo linapanda, na asubuhi mtu mwingine anakuta mashine imegoma. Osha kwanza kwa maji yenye asetonitrili au methanoli kidogo, karibu asilimia 10, angalau kwa nusu saa, kisha ndipo upandishe kiyeyushi. Bafa isilale ndani ya mirija hata usiku mmoja. Katika joto letu ukungu na bakteria huota humo upesi kuliko vitabu vya mtengenezaji vinavyodhani.

Viyeyushi vyote vichujwe kwa chujio la mikromita 0.45 au dogo zaidi, na sampuli vilevile. Kolamu za kawaida za silika hustahimili pH kati ya 2 na 8, na nje ya hapo silika yenyewe huanza kuliwa. Kama mbinu yako inahitaji zaidi, leta kolamu yako.

Tunaombwa pia kueleza kwa nini tunapima asetonitrili kwa mililita. Kemikali hii hupatikana kama zao la kando katika utengenezaji wa akrilonitrili, malighafi ya nyuzi na plastiki. Mwaka 2008 na 2009, viwanda hivyo vilipopunguza uzalishaji wakati wa mdororo wa uchumi, maabara za dunia nzima ziliikosa. Chupa iliyopo rafuni leo si ahadi ya chupa ya kesho.

9. Nina mirija miwili inayolingana kwa macho. Je, hiyo inatosha kwa sentrifuji?

Haitoshi. Pima kwa mizani. Rota (kichwa kinachozunguka kikiwa kimebeba mirija) yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inayozunguka mara 10,000 kwa dakika huzaa nguvu ya takriban mara 11,000 ya mvutano wa dunia, hivyo tofauti ya gramu 1 kati ya mirija inayotazamana huvuta mhimili kama mzigo wa kilo 11. Kumbuka pia kwamba nguvu hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka mizunguko 10,000 hadi 12,000 unaongeza asilimia 44, si 20. Andika mbinu yako kwa nguvu ya mvutano badala ya mizunguko, kwa kuwa rota zetu hazilingani na ile iliyotumiwa na mwandishi unayemfuata.

Rota ina umri. Kila mzunguko huichosha metali, na chumvi iliyomwagika huila alumini mahali usipoona. Desemba 1998, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, rota ya alumini ilipasuka ndani ya sentrifuji ya kasi kubwa. Mashine iliharibika kabisa, vioo vya madirisha vikaruka na dari ikaumia, ingawa kwa bahati hakuna aliyejeruhiwa. Ndiyo maana kila rota hapa ina daftari lake, na kuandika mizunguko humo ni sehemu ya kuitumia.

10. Kwa nini spektrometa ya infraredi haizimwi kamwe?

Baadhi ya vioo vyake vimetengenezwa kwa bromidi ya potasiamu, ambayo ni chumvi na huyeyuka kwa unyevu wa hewa tu. Joto la mashine na chembe za silika zilizomo ndani ndivyo vinavyovilinda. Kabla ya kuanza, tazama kidirisha kidogo cha upande wa kushoto. Chembe zikiwa za buluu endelea, zikigeuka waridi tujulishe siku hiyohiyo.

11. Naweza kupanda lifti na chombo cha nitrojeni ya kimiminika?

Hapana, hata ghorofa moja. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196, na lita 1 yake ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700. Lifti ikikwama, gesi hiyo itasukuma nje oksijeni unayoivuta, na mwili hautoi onyo. Hutasikia kukabwa, utalegea tu. Chombo hupanda lifti peke yake kikiwa na bango la kuzuia watu kuingia, na mtu mmoja hukisubiri juu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na kipimo cha ukutani kikishuka chini ya 19.5 na kulia, toka kwanza, uliza baadaye.

12. Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanyeje?

Usiguse darubini. UPS imewekwa ili mashine ipate muda wa kujifunga salama, si ili umalizie picha ya mwisho. Kwenye vifaa vingine zima swichi ya ukutani, kwa sababu hatari kubwa iko wakati umeme unaporudi, kwani mara nyingi hurudi kwa kishindo, ukakatika tena, kisha ukatulia. Subiri fundi aseme washa. Friji za nyuzi −80 zisifunguliwe kabisa wakati huo, hata na mwenye sampuli. Kilichokatika andika kwenye daftari (swali la 14), na muda uliopotea hutatozwa.

## Hitilafu

13. Nimeharibu kitu, au nadhani nimeharibu. Itakuwaje?

Simamisha mashine pale ilipofika, usijaribu kurekebisha, na uje utuambie. Hutalipishwa kwa ajali iliyotokea ukifuata utaratibu, na hutanyang'anywa ruhusa kwa kusema ukweli.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alikuja ofisini jioni, akasema "Shikamoo mama," kisha akabaki amesimama na glavu bado ziko mikononi. Kishikio chake kilikuwa kimegusa kigunduzi ndani ya darubini. Kwa kuwa alisimama dakika ileile, tulifungua chemba na kukuta mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele kwenye ukingo wa kishikio, na kigunduzi kizima. Kesho yake mchana kazi iliendelea. Nimeona pia kinyume chake, ambapo mtu alirudisha sehemu iliyopinda mahali pake, akaifuta, akaondoka kimya. Waliomfuata waliendelea kupima kwa wiki tatu, na vipimo vyao vyote ilibidi virudiwe, akiwemo mama mmoja aliyekuwa amebakiwa na mwezi mmoja wa ufadhili. Kilichoharibika kwenye mashine kilikuwa kidogo. Kilichotuumiza zaidi ni zile wiki tatu.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wote kwamba mtu anayeripoti kosa lake hapa anaheshimiwa. Anayefutiwa ruhusa ni yule anayelificha.

14. Kwa nini bado mnatumia daftari la karatasi wakati kompyuta inarekodi kila kitu?

Kompyuta hurekodi kile ilichofanya. Hairekodi kwamba pampu ilikuwa inaunguruma tofauti na jana, au kwamba kulikuwa na harufu ya mpira unaoungua karibu na dirisha. Andika tarehe, jina, sampuli, shinikizo la kuanzia na la kumalizia, na lolote ulilolihisi. Mhandisi akija, huanza kusoma daftari kabla hajashika bisibisi.

## Data, picha na majina

15. Naweza kuchomeka flashi yangu kwenye kompyuta ya mashine?

Hapana. Kompyuta nyingi za vifaa hutumia mifumo ya zamani ambayo mtengenezaji hataki isasishwe, hivyo kirusi kimoja kinaweza kuisimamisha mashine isiyo na kasoro yoyote. Data huhamishwa kupitia seva ya maabara. Chukua faili ghafi pamoja na lile ulilolisafirisha kama jedwali au picha, kwa sababu mhakiki akiuliza swali miaka miwili baadaye, jibu liko kwenye lile ghafi. Maabara si ghala, kwa hiyo kuhifadhi nakala ni wajibu wako.

16. Naruhusiwa kuongeza mwanga au kufuta doa kwenye picha ya darubini?

Kuongeza mwanga au ukali kwa picha nzima kunaruhusiwa ukieleza. Kufuta doa, kuhamisha chembe au kung'arisha sehemu moja tu ni kughushi, hata kama doa hilo ni vumbi. Tukutane, tupige picha nyingine.

17. Je, fundi aliyenisaidia awekwe kwenye majina ya waandishi?

Kulipa ada hakununui wala hakufuti haki hiyo. Fundi aliyekuonyesha jinsi ya kuwasha mashine anastahili shukrani tu. Aliyebuni mbinu, akachambua matokeo, akashiriki kuandika na kuidhinisha makala, na kukubali kuwajibika kwayo ni mwandishi, na vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) vinasema hivyohivyo. Zungumzeni mapema, kabla ya kazi kuanza, si siku ya kutuma makala. Kuitaja maabara kwenye shukrani tunakuomba ufanye kila mara, kwa kuwa ndiyo hoja yetu tunapoomba bajeti.

## Hali za pekee

18. Sampuli zangu ni za binadamu, au zinatoka nchi nyingine. Kuna vibali vya ziada?

Vipo, na hatupokei kisanduku kabla havijafika. Utafiti wa afya Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Anayekuja kutoka Kenya na leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya huko) aelewe kwamba leseni hiyo haichukui nafasi ya vibali vya hapa. Sampuli zinazovuka mpaka ziambatane na makubaliano ya maandishi ya kuzihamisha. Damu na makohozi hayaingii kwenye vyumba hivi bila kwanza kuuliwa vimelea, kwa kuwa hatuna kabati la usalama wa kibayolojia la kiwango kinachohitajika. Majina ya wagonjwa yasionekane kwenye mrija wala kwenye jina la faili.

19. Kifaa ninachohitaji hakipo hapa. Mnaweza kunielekeza?

Tunaweza, na tunafurahi kufanya hivyo. Kwa miali ya sinkrotroni (mwanga mkali sana, hasa eksirei, unaotolewa na elektroni zinazozungushwa kwa kasi kubwa) kuna kituo cha SESAME huko Allan, Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017, na ESRF ya Grenoble, Ufaransa. Vituo vya namna hii hutoa muda kwa kushindanisha maombi, na ESRF haitozi ada ya mwali kwa utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa. Leta rasimu ya ombi lako pamoja na vipimo vya awali ulivyofanya kwetu, kwani ombi lisilo na vipimo vya awali mara nyingi huachwa.

20. Ninamaliza masomo. Sampuli zangu kwenye friji zitakaa hadi lini?

Miezi sita baada ya tarehe ya kumaliza, isipokuwa msimamizi wako atie saini ya kuzimiliki. Kabla hujaondoka tupitie pamoja kila kisanduku, tukiangalia kwamba kila mrija una jina, tarehe, kilichomo na namba ya mradi, vyote vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli. Kibandiko cha karatasi hubanduka kwenye nyuzi −80. Mwaka jana tulitoa trei nzima ya mirija myeupe isiyo na maandishi, na vibandiko vyake vyote tulivikuta chini ya friji, vimegandiana katika bonge moja la barafu.